Sanduku la Maswali: Manowari mbili zilizoungwa zikawa moja

Toleo lililopita nilidokeza mistari mitatu tu, kwamba kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walichukua manowari mbili zilizovunjika, za aina ya destroya, Nubian na Zulu, wakaunga mbele ya moja na nyuma ya nyingine wakapata meli moja nzima. Basi jamani, sikujua kama nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia toka Kirumba mpaka Bukoba, wengine wananiita muongo kabisa, na fundi mmoja wa pale Mwanza South kaniandikia kwa herufi kubwa tupu. Leo sanduku lote nimewaachia hao, wa mambo ya mirathi na mashamba mnivumilie.

Shikamoo mzee. Hiyo "destroya" inaharibu nini hasa? Na mi najua manowari ni ile inayopita chini ya maji, au nakosea? (Msomaji, Kirumba)

Marahaba. Tuanze na la pili. Manowari ni meli yoyote ya kivita, neno lenyewe tumelitoa kwa mabaharia wa Kiingereza wa zamani, ila siku hizi hata redioni utasikia mtu anasema manowari akimaanisha ile ya kuzama. Ile ni nyambizi. Hapa kwenye safu yangu manowari ni ya juu, nyambizi ya chini, tusichanganyane.

Sasa destroya. Mwaka 1866 kuna muingereza mmoja anaitwa Robert Whitehead, alikuwa anafanya kazi Fiume kule bahari ya Adriatiki, akatengeneza topido, yani bomu lenye injini yake linalojiendea lenyewe majini. Lilipoboreshwa boreshwa mataifa yakaanza kulifunga kwenye viboti vidogo vyenye mbio, na hapo ndo wakubwa wakakosa usingizi, maana kiboti cha bei chee kinaweza kuvizia usiku kikatoboa meli kubwa iliyomaliza hazina ya nchi. Dawa yake wakaona ni meli kubwa kidogo kuliko hivyo viboti, yenye mbio zaidi, yenye mizinga, iende ikavikamate kabla havijafika. Kwa hiyo jina lake la kwanza lilikuwa refu, kiharibu-boti-za-topido, watu wakachoka kulitamka wakabakiza "kiharibu" tu, ndo hiyo destroya kwa Kiingereza. Na yenyewe ikabeba topido zake, ikawa mlinzi na mwizi humo humo.

Za kwanza za Waingereza ni Havock na Hornet, 1893, zote kazi ya kampuni ya Yarrow. Nalitaja hilo jina makusudi. Ile MV Victoria yetu, ambayo wengi wenu mmelala kwenye daraja lake la tatu mkienda Bukoba huku ndizi za mtu zinakuchoma mgongoni, nayo ni ya Yarrow, ilitengenezwa Scotland ikaletwa vipande vipande ikaungwa Kisumu, ikaanza kazi 1961.

Unasema zilikuwa na mbio, mbio kiasi gani ukilinganisha na meli zetu hizi? (Msomaji, Nyamagana)

MV Mwanza ile mpya inasemwa inakwenda kama noti 16, tuseme kilomita 30 kwa saa. Destroya za kundi la Tribal, ambazo ndo hizi tunazoongelea, ziliagizwa ziende noti 33, hiyo ni kilomita 61 kwa saa, na tunaongelea miaka ya 1907 hadi 1910, babu zetu bado wanapiga kasia toka Ukerewe. Moja inaitwa Tartar kwenye majaribio ilipitisha noti 35.

Aliyeagiza ni amirali Jacky Fisher, mtu mwenye kiherehere cha mbio kuliko konda wa daladala ya Igoma. Akataka noti 33, akataka tabaini, yani injini ya mapanga yanayozungushwa na mvuke, badala ya injini za pistoni, akataka zichome mafuta badala ya makaa ya mawe. Hilo la mafuta lilikuwa jambo kubwa, maana makaa yanataka wanaume wa kupiga koleo mchana na usiku mle ndani, na ukikimbiza sana moto unachafuka na watu wanaishiwa nguvu, wakati mafuta unafungua bomba tu. Tabaini nayo ilikuwa bado ngeni, Charles Parsons ndo aliitambulisha kwa mbwembwe mwaka 1897, alipopitisha kiboti chake Turbinia katikati ya gwaride la jeshi la majini la Uingereza bila kualikwa na hakuna aliyeweza kumshika.

Ila mbio zina bei yake, na hapa ndo mi huwa namlaumu Fisher. Chukua urefu, destroya Nubian ilikuwa na mita kama 85, MV Mwanza ina mita 92, karibu sawa kabisa. Upana sasa, MV Mwanza mita 17, Nubian mita kama 8. Yani ni mwiko! Ndani ya huo mwiko mmejaa boila na tabaini na matangi, nguvu za farasi karibu 15,500, bati za ubavuni nyembamba za milimita chache tu, alafu baharia anatafuta mahali pa kutundika kitanda chake. Silaha zikawa chache, zile za mwanzo zilipewa vizinga vitatu vidogo mpaka watu wakapiga kelele vikaongezwa, hizi za baadaye kina Nubian na Zulu zikapewa mizinga miwili ya inchi 4 na mirija miwili ya topido. Na mafuta zilikuwa zinakunywa, we acha. Inasimuliwa Afridi na Amazon kila moja ilimaliza tani 9 na nusu za mafuta kwa ajili ya kupasha boila na kwenda kwenye kituo cha mafuta na kurudi, safari ya maili tatu. Ni kama kuwasha lori kwenda kununua kiberiti. Ndo maana vita ilipoanza 1914 hazikupelekwa mbali na zile meli kubwa huko bahari ya Kaskazini, ziliwekwa Dover, pale Uingereza na Ufaransa zinapokaribiana, njia fupi.

Na mbio hizo hizo kabla yake zilishaua. Kulikuwa na destroya inaitwa Cobra, ya tabaini, Septemba 1901 inatolewa tu kiwandani kupelekwa kufungwa silaha, ikakatika vipande viwili baharini, wakapona watu 12. Wiki chache kabla mwenzake Viper alikuwa keshapanda mwamba. Waingereza wakaacha kuzipa destroya majina ya nyoka.

Jambo moja walilojifunza likafaa ni la mbele ya meli. Destroya za mwanzo zilikuwa na mbele imeinama kama mgongo wa kobe, wimbi likija inazama chini yake kama bata, juu kote maji. Kuanzia kundi la River, 1903, wakanyanyua mbele juu, meli ikaanza kupanda wimbi badala ya kulichimba. Ukiangalia mtumbwi wa Kisukuma ulivyonyanyuka mdomo utaona wetu hawakuhitaji amirali kuwaambia.

Mimi ni mvuvi wa dagaa huku Ukara, nimeambiwa kwenye vita hiyo wavuvi nao walipelekwa mstari wa mbele. Kweli? (Msomaji, Ukerewe)

Kweli kaka, na kisa chako ndo kinatupeleka kwenye hizo meli mbili.

Pale mlango wa Dover tatizo lilikuwa nyambizi za Kijerumani zinapita kwenda kuzamisha meli za mizigo. Waingereza wakafanya ambacho hata wewe ungefanya, wakatega nyavu. Nyavu za waya wa chuma, zimening'inizwa majini kama makila, na waliozichunga ni wavuvi wenyewe na mashua zao za uvuvi zenye injini za mvuke, zimeandikishwa jeshini pamoja na watu wake. Wazo si baya, Machi 1915 nyambizi U-8 ilinaswa humo, destroya Ghurka na Maori zikaivutia waya wenye mabomu ikalazimika kuibuka, mabaharia wake wakatekwa. Miezi miwili baadaye Maori naye akakanyaga bomu la kutegwa karibu na Zeebrugge, watu wake wakatekwa na Wajerumani. Ndo vita.

Sasa usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Oktoba 1916, giza totoro, destroya za Kijerumani zikatoka bandari za Ubelgiji zikaja moja kwa moja kwenye nyavu. Fikiria uko pale na karabai zako, kumbe anayekuja si sangara. Hao wavuvi silaha yao ilikuwa bunduki moja ya mkononi kwa mashua. Mashua sita zilizamishwa.

Kulikuwa na destroya kuukuu ya Kiingereza, Flirt, inalinda hapo. Iliona meli zinapita gizani, ikawasha taa kuuliza we nani, wale wakajibu kwa kurudisha taa ile ile, Flirt ikaamini ni wenzake. Baadaye ikasikia milio, ikakuta mashua ya uvuvi inateketea, nahodha akashusha boti ndogo na watu wachache wakaokoe wavuvi. Wale Wajerumani wakarudi. Flirt ikapigwa ikazama na wote waliokuwemo, wakapona wale tu waliokuwa wameshuka kwenye boti. Hiki kipande kila nikikisoma nasimama kidogo.

Dover wakapata habari, wakaamrisha zile Tribal zitoke. Zikatoka lakini si kwa pamoja, kila mmoja na njia yake, na aliyefika peke yake akakutana na kundi zima ni Nubian. Akapigwa topido mbele. Wakajaribu kumvuta nyumbani, kamba ikakatika, hali ya hewa ikachafuka, akasukumwa mpaka kwenye miamba ya South Foreland na ile mbele iliyopasuka ikang'oka kabisa.

Mwaka huo huo unakaribia kuisha, Zulu naye, kundi lile lile, akapanda bomu la kutegwa majini pande hizo hizo. Yeye nyuma yote ikaenda zake. Kilichobaki kikavutwa mpaka Calais, Ufaransa.

HABARI MZEE. MIMI NI FUNDI WA KUCHOMELEA HAPA MWANZA SOUTH. HUWEZI KUUNGA MELI MBILI TOFAUTI, VIPIMO HAVIWEZI KUKUTANA. TUAMBIE UKWELI. (Fundi, Mwanza South)

Fundi punguza sauti, uko sahihi na umekosea kwa wakati mmoja.

Uko sahihi kwenye vipimo. Fisher alisema anataka mbio na mafuta na tabaini, kisha kila kiwanda kikaachiwa kichore chake. Matokeo yake zile Tribal 12 zinafanana kama watoto wa mama tofauti, zingine zina mabomba matatu ya moshi, zingine manne, na Viking ina sita, destroya pekee ya Kiingereza iliyowahi kuwa na mabomba sita. Nubian ilitengenezwa na Thornycroft kule Southampton, Zulu na Hawthorn Leslie kule Hebburn mtoni Tyne, viwanda viwili, michoro miwili. Zilipokokotwa zote mpaka chelezo ya Chatham wakapima, upana ukatofautiana inchi 3 na nusu, kama sentimita 9. Hilo ndo tatizo lako fundi, na walikuwa nalo.

Ila umekosea kusema haiwezekani. Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu pale mwaloni Kirumba, si zamani. Kuna fundi mitumbwi mzee mmoja, aliletewa mtumbwi ambao nyuma yote imeoza, na pembeni alikuwa na mabaki ya mwingine uliopasuka mdomo. Akapima kwa kamba, akacheka, akasema vidole viwili. Nikamuuliza vidole viwili nini, akasema huyu mnene kuliko huyu kwa vidole viwili. Hakupasua mbao kuziminya, alianza mbali, kama hatua nne kabla ya mahali pa kuungia, kila ubao akaupunguza kidogo kidogo na kila taruma, yani ule mti wa ndani unaoshika mbao, akalibana kidogo kidogo, mpaka zinafika kwenye maungio zimeshakutana zenyewe na jicho halioni. Alafu akakalafati kwa pamba na mafuta, akapiga ngumi pale kwenye kiungo, akaniambia hapa ndo pagumu kuliko pote sasa. Ule mtumbwi unavua mpaka leo.

Chuma kanuni ni ile ile, unagawa tofauti kwenye urefu. Ukitaka kuzimaliza sentimita 9 kwenye bati moja unapata ngazi, na ngazi kwenye meli ya noti 33 ni mahali pa maji kuanza kubomoa. Kila ubavu ni sentimita 4 na nusu tu, ukizinyoosha taratibu kwenye bati za kuunganishia hutaziona. Na kumbuka enzi hizo hakuna kuchomelea kama kwenu, ni ribiti, pini za chuma za kushikiza bati. Ribiti inapashwa mpaka iwe nyekundu, inarushwa, inadakwa, inaingizwa tundu, mmoja anashikilia huku mwingine anagonga kule kabla haijapoa, ikipoa inajivuta na kubana bati zenyewe. Sasa hesabu ribiti za kuzunguka meli nzima, tena matundu ya meli mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja. Mabomba ya mvuke, mabomba ya mafuta, nyaya, vyote lazima vitafutane.

Bahati yao, topido na bomu vilikata pazuri kama mtu kapanga. Injini za destroya zipo kuelekea nyuma, na nyuma nzima na sehemu kubwa ya kati ya Nubian ilikuwa hai. Zulu ilikuwa na mbele nzima. Watu wa pwani wana msemo wao, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele. Hapa tezi ni ya Nubian, omo ni ya Zulu.

Na ukiniuliza kwa nini wasingetupa zote wakatengeneza mpya, ni kwamba destroya zilikuwa hazitoshi. Aprili 1917 peke yake nyambizi zilizamisha meli za mizigo zaidi ya tani 800,000, Uingereza inaenda kukosa chakula. Mei wakaanza kuzisafirisha meli kwa misafara ikilindwa na destroya, mwezi huo huo Wamarekani wakaleta za kwao sita Queenstown kule Ireland, na bado kila amirali analia hana za kutosha. Katika hali hiyo nusu mbili zinazoelea ni mali. Tarehe 7 Juni 1917 meli ikaingia kazini, jina Zubian.

Hiyo Zubian ilifanya kazi kweli au ilikuwa maonyesho? (Msomaji, Bukoba)

Ilifanya, tena Dover pale pale zilipovunjikia. Februari 1918 ilihesabiwa kuzamisha nyambizi ya Kijerumani, UC-50. Kufikia hapo destroya zilikuwa na kile ambacho mwanzo wa vita hazikuwa nacho, pipa la bomu la kilo 136 za baruti linalotupwa majini, ndani yake kuna kidude kinachosikia mgandamizo wa maji, unakipanga kilipuke kikifika kina fulani. Kabla ya hapo ukiona nyambizi inazama mbele yako unaweza tu kuipanda kwa meli au kuikokotea ule waya wenye mabomu.

Aprili 1918 ikawa kwenye uvamizi wa Ostend, walipotaka kuziba mlango wa bandari hiyo ya Ubelgiji kwa kuzamisha meli kuukuu. Zoezi la Ostend halikufaulu. Vita ikaisha, na Desemba 1919 ikauzwa chuma chakavu.

Ziwani kwetu destroya ziliwahi kufika? (Msomaji, Musoma)

Hapana. Ingefikaje, ziwa halina mlango wa bahari, meli kubwa zililetwa vipande vipande zikaungwa huku huku. Vita vya huku ilikuwa ni meli za abiria na mizigo zilizofungwa mizinga. Wajerumani wa Mwanza walikuwa na kimeli chao kinaitwa Muansa, na Septemba 1914 kiliifukuza Winifred ya Waingereza pale Karungu, ambayo ikarudi na mwenzake Kavirondo na Muansa ikaondoka. Novemba Sybil ikapanda mwamba huko kwenu Majita, ikakaa mpaka 1915 ndo ikaopolewa. Mwanza ikaangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, miezi mitatu kabla ya ule usiku wa Nubian.

Shikamoo babu. Mi niko kidato cha pili. Kama ni Nubian na Zulu mbona hawakuiita Nulu? (Mwanafunzi, Sengerema)

Marahaba mjukuu wangu, swali lako limewashinda wakubwa wote humu. Nubian ni Mnubi, wale wale ambao ndugu zao wapo Kibos pale Kisumu, na Zulu ni Mzulu wa Afrika Kusini, meli nyingi za kundi hilo zilipewa majina ya makabila. Sasa chukua karatasi, chora meli ubavuni, omo ielekee kushoto, alafu andika jina juu yake kuanzia mbele kwenda nyuma. Zu inakaa juu ya kipande cha Zulu, bian inakaa juu ya kipande cha Nubian. Ukiandika Nulu meli itakuwa inarudi kinyumenyume.